Takwimu ya Biashara Imebadilika: Namna ya Kujua Kilichotokea na Kuomba Kosa Lisahihishwe

Machi ulipakua jedwali la mauzo ya nje, ukaandika ripoti, ukaikabidhi. Agosti mtu mwingine anafungua jedwali hilohilo, bidhaa ileile, mwezi uleule, na tarakimu anayoiona siyo uliyoiandika. Hukukosea kunakili, naye hakukosea. Hapo katikati takwimu ilirekebishwa, na hakuna aliyekupigia simu kukuarifu.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari za uchumi, mwanafunzi mwenye tasnifu, afisa wa chama cha ushirika na mfanyabiashara mdogo anayefuatilia soko lake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: takwimu iliyorekebishwa si takwimu ya uongo. Ofisi ambayo haijawahi kugusa namba zake hata mara moja ndiyo ya kutilia shaka, maana makosa kwenye nyaraka za forodha yapo kila siku. Taabu inaanza pale tunaponukuu namba bila kusema ni ya toleo gani.

Namba hizi zinatoka wapi

Takwimu za biashara ya bidhaa hazitokani na dodoso. Zinatokana na kadhia za forodha, yaani fomu za tamko la mzigo. Wakala wa forodha anaketi mbele ya mfumo, TANCIS kwa Tanzania, iCMS kwa Kenya, ASYCUDA World kwa Uganda, anajaza msimbo wa bidhaa, nchi ilikotoka au inakokwenda, uzito, idadi, thamani na sarafu. Mamlaka ya mapato inazitaka taarifa hizo kwa ajili ya kodi. Ofisi ya takwimu (NBS kwa Tanzania Bara, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa Zanzibar, KNBS kwa Kenya, UBOS kwa Uganda) inachukua nakala ya data hizo, inazichambua na kuzichapisha. Kanuni za namna ya kuhesabu zimo katika mwongozo wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2010, unaojulikana kama IMTS 2010.

Kutokana na hapo kuna jambo la kukumbuka kila unapofungua jedwali: afisa wa forodha huangalia kwa makini pale penye ushuru. Mzigo unaoingia na kulipiwa kodi hukaguliwa msimbo, thamani na nchi ya asili. Mzigo unaotoka bila ushuru hupita haraka, na sanduku la uzito au la nchi unakokwenda linaweza kujazwa vyovyote. Ndiyo maana, kwa kawaida, takwimu za bidhaa zinazoingia huaminika kuliko za zinazotoka. Liweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Hatua ya 1: Liandike toleo kabla ya kuandika namba

Ukipakua faili, jina lake libebe tarehe ya kupakua. Si "mauzo_korosho.xlsx" bali "mauzo_korosho_NBS_2025-03-14.xlsx". Ndani ya faili weka karatasi ndogo ya kumbukumbu: ofisi iliyotoa, jina la chapisho, tarehe ya kuchapishwa, kama thamani ni FOB (bila nauli na bima za safari) au CIF (pamoja nazo), sarafu, na toleo la misimbo. Faili la zamani usilifute ukipata jipya. Faili la Machi ukiliweka pembeni ya la Agosti, unatoa safu moja kwa nyingine na tofauti inajitokeza yenyewe: ni mwezi mmoja tu, ni mwaka mzima, au ni miaka mitano nyuma yote? Jibu la swali hilo peke yake huwa limeshakufikisha nusu ya safari.

Hatua ya 2: Soma maandishi madogo chini ya jedwali

Wengi huruka hapa. Kwenye mapitio ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania utaona herufi "p" ikimaanisha takwimu za awali, na "r" kwa zilizorekebishwa. Kitabu cha Economic Survey cha KNBS huweka nyota kwenye mwaka wa mwisho na kueleza chini kuwa ni wa muda. Namba yenye nyota inakuambia yenyewe kwamba mwakani itabadilika. Ukiinukuu bila nyota yake, umeipa uhakika ambao aliyeichapisha hakuipa.

Angalia pia kama unalinganisha vitu vinavyolingana. Thamani ya bidhaa zinazoingia kwa desturi ya forodha huwa CIF, yaani pamoja na bima na nauli hadi mpakani. Benki Kuu inapotengeneza urari wa malipo huondoa nauli na bima hizo ili kupata FOB. Kwa hiyo namba ya Benki Kuu na ya ofisi ya takwimu zinaweza kupishana kwa mabilioni ya shilingi, bila mtu yeyote kukosea na bila marekebisho yoyote kufanyika.

Hatua ya 3: Tambua ni badiliko la aina gani

Hapa ndipo penye kazi. Kuna aina nne za mabadiliko, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni nyaraka zilizochelewa. Meli imeondoka tarehe 29, karatasi zikaingia kwenye mfumo tarehe 4 ya mwezi unaofuata. Marekani ni mfano mzuri kwa sababu wanaeleza utaratibu wao bila kificho. Ofisi ya Sensa na Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi hutoa ripoti ya pamoja ya kila mwezi, inayoitwa FT-900, takribani siku 35 baada ya mwezi kwisha. Kila toleo jipya hurekebisha mwezi uliotangulia, nyaraka zilizochelewa zikirudishwa kwenye mwezi wake. Kisha kila mwaka, kwa kawaida Juni, hufanyika marekebisho makubwa yanayogusa miaka iliyopita. Kwa hiyo ukiona namba ya Marekani ya mwezi jana imesogea kidogo, usiandike habari juu yake. Ni kawaida kabisa.

Dalili ya aina hii: mabadiliko ni madogo, yako kwenye mwezi mmoja au miwili ya mwisho, na mara nyingi namba inapanda kuliko inavyoshuka.

Ya pili ni kadhia zilizosahihishwa. Hapa mtu alikosea, akagundua au akagunduliwa, akarekebisha. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, hutoa taarifa ya biashara mwishoni mwa kila mwezi, na karibu kila taarifa ina sentensi inayosema takwimu za miezi ya nyuma zimebadilika kutokana na vocha za marekebisho zinazoendelea kuingia. Vocha hizo, zinazofupishwa VOC, ni nyaraka ambazo msafirishaji au wakala wake huwasilisha kusahihisha kadhia ya awali. Napenda uwazi huo. Msomaji anajua kuwa namba ya Januari itaendelea kupumua hadi vocha zikome kuingia.

Dalili yake: badiliko limekaa kwenye bidhaa moja na nchi moja. Jumla ya nchi nzima imesogea kwa kiasi kilekile ambacho msimbo mmoja umesogea. Ukitoa toleo la zamani kwenye jipya, jedwali lote linajaa sifuri isipokuwa seli moja.

Ya tatu ni mabadiliko ya misimbo, na hii huwadanganya wengi kwa sababu inafanana na anguko la biashara. Bidhaa zote hupangwa kwa mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Mfumo huo hufanyiwa mapitio kila baada ya miaka kadhaa: 2002, 2007, 2012, 2017, 2022. Chukua simu za mkononi. Hadi toleo la 2017 simu zote za mkononi zilikuwa kwenye msimbo 8517.12. Toleo la 2022 likaufuta, likagawa simu janja kwenda 8517.13 na simu nyingine kwenda 8517.14. Mtu aliyeendelea kufuatilia 8517.12 anaona uingizaji wa simu ukianguka hadi sifuri, na anaweza kuandika makala nzima kuhusu Waafrika Mashariki kuacha kununua simu.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye misimbo ya 2022 ulianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, si Januari. Mwaka 2022 umekatika katikati: nusu ya kwanza simu ziko kwenye msimbo wa zamani, nusu ya pili kwenye mipya. Ukitaka mwaka mzima, jumlisha yote mitatu. Umoja wa Mataifa huchapisha majedwali ya ulinganisho yanayoonyesha msimbo gani wa toleo la zamani umeingia wapi kwenye jipya. Yapakue, yaweke karibu. Na kwenye UN Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, kuwa mwangalifu na chaguo la toleo la HS: data "kama ilivyoripotiwa" na data iliyobadilishwa kuwa ya toleo la zamani si kitu kimoja.

Ya nne ni mabadiliko ya wigo, yaani ofisi imeamua kuhesabu kitu ambacho haikuwa ikikihesabu. Hii ndiyo hubadilisha hadithi nzima. Kwa miaka mingi, takwimu za kila mwezi za SARS hazikujumuisha biashara kati ya Afrika Kusini na majirani zake wa umoja wa forodha: Botswana, Lesotho, Namibia na Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Mwishoni mwa 2013 SARS ikaanza kuwajumuisha, ikarudi nyuma na kurekebisha hadi Januari 2010. Kwa kuwa Afrika Kusini huwauzia majirani hao bidhaa nyingi kuliko inavyonunua kwao, nakisi yake ya biashara ikapungua papo hapo. Hakuna kiwanda kilichoongeza uzalishaji, wala meli moja zaidi iliyopakia.

Uswisi nayo ilikuwa haichapishi biashara yake ya dhahabu kwa nchi. Ikaanza kufanya hivyo kwa data za 2014. Ukichora mstari wa dhahabu iliyoingia Uswisi kutoka nchi yoyote ya Afrika, unaruka mwaka huo kutoka patupu hadi mamilioni. Na Uganda, UBOS na Benki Kuu ya nchi hiyo kwa miaka mingi wamekuwa wakifanya utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mpakani, kuhesabu mahindi, maharage na viatu vinavyovuka kwa baiskeli na kichwani. Kwa hiyo mauzo ya Uganda yana jumla mbili, yenye biashara hiyo na isiyo nayo. Mwandishi mmoja akitumia hii na mwingine ile, watabishana hadi jioni wote wakiwa sahihi.

Dalili ya aina ya nne: ngazi inabadilika ghafla tarehe moja, mara nyingi Januari, na haishuki tena. Tafuta maelezo ya mbinu yaliyotolewa siku hiyohiyo. Karibu kila mara yapo, ila yamewekwa kwenye faili tofauti ambalo hakuna anayelifungua.

Kuna na mabadiliko bandia, ambayo siyahesabu kama aina ya tano. Trade Map, hifadhidata ya mtandaoni ya kituo cha biashara cha kimataifa (ITC) cha Geneva, hujaza pengo pale nchi inapochelewa kuripoti: inachukua namba za nchi zilizofanya nayo biashara. Nchi ikiripoti baadaye, namba ya nchi yenyewe inachukua nafasi. Kwako inaonekana takwimu imerekebishwa kwa asilimia 30. Kilichotokea ni kwamba chanzo kimebadilishwa. Jedwali huweka alama kuonyesha hivyo. Iangalie kwanza.

Hatua ya 4: Gawa thamani kwa uzito

Sasa umeona namba inayokutia wasiwasi, na si aina ya tatu wala ya nne. Kipimo cha haraka kuliko vyote ni bei kwa kilo. Tuseme jedwali linasema mwezi fulani korosho ghafi, msimbo 080131, zilizokwenda Vietnam zilikuwa na thamani ya dola 3,600,000 na uzito wa kilo 300,000. Gawa: dola 12 kwa kilo. Miezi ya jirani kwenye mfano wetu ni dola 1.2. Korosho ghafi haiwezi kupanda bei mara kumi ndani ya mwezi mmoja na kushuka mwezi unaofuata.

Mara kumi kamili ni sifuri iliyopotea au iliyozidi. Kila kosa huacha kipimo chake. Tofauti ya mara elfu moja ni tani zilizoandikwa mahali pa kilo, au kwa dhahabu, gramu mahali pa kilo. Tofauti ya kama mara 2,500 kwa Tanzania ni shilingi zilizosomwa kama dola. Kenya kosa hilohilo hutoa kama mara 130. Tofauti ya mara mbili kamili mara nyingi ni kadhia iliyoingizwa mara mbili.

Lakini bei kwa kilo haikuambii kipi kimekosewa, thamani au uzito. Kwenye mfano wetu, ama uzito ulikuwa kilo 3,000,000, ama thamani ilikuwa dola 360,000. Hapa tafuta ushahidi wa nje. Korosho zetu huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na tani zilizouzwa hutangazwa. Kama mnada wa msimu ule ulikuwa na maelfu ya tani, basi sifuri imepotea kwenye uzito. Kahawa na chai nazo zina minada yao. Mazao yasiyo na mnada, itabidi uende hatua ya tano.

Tahadhari: si kila namba ya ajabu ni kosa. Julai 2018 Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza aina ya Boeing 787. Ndege moja ya aina hiyo hutosha kuinua safu nzima ya vyombo vya usafiri kwa mwezi inapoandikwa, halafu ikatoweka. Mitambo ya umeme, meli na vichwa vya treni hufanya vivyo hivyo. Na zao linaweza kuhama mwaka: Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, mzigo ambao kwa kawaida ungeondoka mwishoni mwa mwaka ukabaki maghalani. Anayesoma jedwali bila kujua hilo ataomba kusahihishiwa namba iliyo sahihi.

Hatua ya 5: Angalia upande wa pili

Kila mauzo ya nchi moja ni manunuzi ya nyingine. Kama Tanzania imeandika korosho kwenda Vietnam, basi Vietnam nayo inapaswa kuwa imeandika korosho kutoka Tanzania. Watakwimu huita hizi takwimu za kioo. Kumbuka nilichosema mwanzo: anayepokea mzigo huandika kwa uangalifu zaidi. Marekani na Kanada walilichukulia jambo hilo kwa uzito hadi mwisho: tangu 1990, kila mmoja hutumia takwimu za uingizaji za mwenzake kama takwimu zake za mauzo kwenda huko. Hawahangaiki tena kuhesabu vinavyotoka kuelekea kwa jirani.

Kabla hujapiga kelele kwamba pande mbili hazilingani, punguza tofauti za halali. Anayeuza huandika FOB, anayenunua CIF. Shirika la Fedha la Kimataifa kwa muda mrefu lilikadiria tofauti hiyo kuwa asilimia 10, baadaye likashusha hadi 6. Kwa nchi isiyo na bahari inaweza kuwa kubwa zaidi, maana lori kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi halisafiri bure. Pili, muda: mzigo uliotoka Mtwara Desemba hufika Asia Januari, mwaka mwingine. Linganisha jumla za miezi kumi na miwili zinazosogezwa mbele mwezi mmoja mmoja, usilinganishe mwezi kwa mwezi. Tatu, nchi: mnunuzi huandika nchi ya asili, muuzaji huandika nchi ya mwisho anayoijua, na mara nyingine anayoijua ni bandari tu, au ofisi ya dalali. Simu zilizotengenezwa China zikapita Mombasa kwenda Kampala, Uganda itaziandika China. Zikipita kama mzigo wa transiti, Kenya haiziandiki kabisa, wala haipaswi.

Ukipuuza mambo hayo unaweza kuaibika hata kama wewe ni shirika la Umoja wa Mataifa. Julai 2016 UNCTAD ilichapisha utafiti kuhusu ankara za uongo katika biashara ya malighafi, ikilinganisha takwimu za kioo za Chile, Côte d'Ivoire, Nigeria, Afrika Kusini na Zambia. Kwa Afrika Kusini ikasema dhahabu ya dola bilioni 78.2 ilitoka kati ya 2000 na 2014 bila kuandikwa ipasavyo. Magazeti yakaitangaza dunia nzima. Wachimbaji na wachambuzi wa Afrika Kusini wakajibu kwamba sehemu kubwa ya dhahabu hiyo iliandikwa, ila kwenye kundi la pekee lisilotaja nchi inakokwenda, na ndiyo maana haikuonekana kwenye safu za nchi. Desemba mwaka huohuo UNCTAD ikatoa toleo lililorekebishwa.

Kwa Zambia suala lilikuwa Uswisi. Vitabu vya Zambia vilionyesha shaba ya dola bilioni 28.9 kwenda Uswisi kati ya 1995 na 2014, zaidi ya nusu ya shaba yake yote. Kwenye vitabu vya Uswisi haikuwamo. Uswisi haina bahari na haina viwanda vya kumeza shaba yote hiyo. Ina makampuni ya biashara yanayonunua mzigo, yanaulipia kutoka ofisini, na kuuelekeza China au kwingineko bila kugusa ardhi ya Uswisi. Wakala aliyejaza kadhia aliandika nchi ya mnunuzi. Kama kuna ukwepaji wa kodi ndani ya biashara hiyo, na hilo ni swali la haki kabisa kuuliza, takwimu za kioo peke yake haziwezi kulijibu. Kinachohitajika kusahihishwa hapo ni safu ya nchi. Dola zenyewe huenda ziko sawa.

Hatua ya 6: Andika ombi linaloweza kujibiwa

Sasa una hakika kuna kosa. Usianzie mtandaoni. Watanzania wanakumbuka kuwa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalikataza kusambaza taarifa zenye lengo la kupotosha au kudhalilisha takwimu rasmi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kifungu hicho kikalegezwa. Hata bila sheria yoyote, kumuuliza mhusika kwanza ni adabu ya kazi, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka.

Ombi la kwamba "takwimu zenu za korosho hazieleweki" litakaa kwenye sanduku la barua hadi Krismasi. Mtu anayelipokea hana pa kuanzia. Mpe anwani kamili ya seli moja:

"Ndugu Mtakwimu, naomba uhakiki wa takwimu ifuatayo. Mauzo ya nje, msimbo 080131, nchi Vietnam, mwezi (taja), kama zilivyo kwenye faili lililochapishwa tarehe (taja). Thamani dola 3,600,000, uzito kilo 300,000, bei dola 12 kwa kilo. Miezi mitatu ya kabla na baada bei ilikuwa kati ya dola 1.1 na 1.3. Uingizaji wa Vietnam kutoka Tanzania kwa kipindi hicho unaonyesha uzito unaokaribia kilo 3,000,000. Je, uzito umeingizwa sawasawa? Naambatisha jedwali. Asante."

Hiyo inatosha. Usiulize ni kampuni gani iliyojaza kadhia. Ofisi ya takwimu imefungwa na sheria kutunza siri za watoa taarifa, na swali hilo litafanya barua yako ipelekwe kwa mwanasheria badala ya mtakwimu. Kwa sababu hiyohiyo, bidhaa yenye muuzaji mmoja tu inaweza kufichwa ndani ya kundi kubwa. Kwenye UN Comtrade msimbo 999999 na nchi 899, yaani maeneo yasiyotajwa, ndiko vitu vya namna hiyo hujificha. Kikikosekana mahali pake, chungulia huko.

Usipeleke maswali arobaini kwa mpigo. Chagua matatu makubwa kwa thamani. Ukijibiwa vizuri, rudi.

Hatua ya 7: Kama kosa ni lako

Msafirishaji akigundua kuwa kadhia yake ina kosa, ofisi ya takwimu si mahali pa kwenda. Data zao ni nakala tu. Kosa likisahihishwa kwenye nakala na asili ikabaki vilevile, litarudi tena faili likipakiwa upya. Nenda kwa wakala wako wa forodha aombe marekebisho ya kadhia ndani ya mfumo, akiambatisha ankara, orodha ya mzigo na hati ya meli. Fanya mapema, kabla ya mkaguzi hajafika. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu nyaraka kudaiwa hadi miaka 5 baadaye, na kosa ulilolitaja mwenyewe hupokelewa tofauti na lililofukuliwa.

Hatua ya 8: Subiri, lakini usikae tu

Majibu huwa ya namna tatu. "Tumesahihisha, itaonekana toleo lijalo": basi andika tarehe, na toleo likitoka hakikisha. "Namba ni sahihi": omba sababu kwa ujumla, kwa mfano kama ni mzigo mmoja mkubwa au bidhaa ya daraja tofauti. "Hatuwezi kueleza kwa sababu ya usiri": hapo umefika mwisho wa barabara, na kwenye ripoti yako utaandika kuwa namba imeulizwa na haikufafanuliwa.

Marekebisho ya nyumbani hayafiki Comtrade usiku uleule. Nchi hupeleka data ya mwaka, ikirekebisha hupeleka upya, na katikati yanaweza kupita majira kadhaa. Kwa kipindi hicho faili la taifa na la Comtrade yatapingana. Tumia la taifa, na chini ya jedwali lako andika mstari wa namna hii: "Chanzo: NBS, faili la tarehe 20 Agosti 2025, uzito wa Februari umesahihishwa na ofisi, UN Comtrade ilikuwa bado haijabadilika siku hiyo." Mhariri akikuambia mstari huo ni mrefu, mwache akate kitu kingine.